Mama, Unalilia Nini?

Wapendwa katika Bwana, juma hili nimekaa na sura ya 20 ya Injili ya Yohana, ambamo Mariamu Magdalene anakutana bustanini na Yesu aliyefufuka, kwa sababu ya swali aliloniuliza dada mmoja baada ya maziko: je, mama yake atafufuka akiwa mwanamke, au hayo ni mambo ya mwili huu tu, yatakayobaki kaburini?

Swali hilo ni la kale. Agostino, askofu wa Hippo, alilijibu katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu, kwa kuwa walikuwapo waliosema kwamba wanawake watafufuka wakiwa wanaume. Yeye alikataa, akisema kwamba uanamke ni maumbile, wala si kasoro. Alishika neno la Bwana katika Mathayo 22:30, kwamba katika kiyama "hawaoi wala hawaolewi", na msomaji wa Kiswahili huiona hoja yake upesi, maana kwetu mume huoa na mke huolewa: Bwana aliwataja wote wawili, akaiondoa ndoa, wao akawaacha.

Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, aliona kwamba mfano wa Mungu ndani ya mwanadamu umeitangulia tofauti ya mume na mke. Naegemea kwa Agostino, lakini Gregori ananizuia nisiifanye jinsia kuwa kiini cha mtu. Paulo naye ananizuia. Katika Wagalatia 3:28 anaandika kwamba katika Kristo hapana "Myahudi wala Myunani", "mtumwa wala huru", kisha katika Kiyunani anabadili kiunganishi na kusema "mume na mke", kama ilivyoandikwa katika Mwanzo 1:27, jambo ambalo Biblia yetu, inayotumia "wala" mahali pote, haituonyeshi. Paulo aliujua uumbaji ule, na bado alisema kwamba si huo unaotufanya kuwa wa Kristo.

Ndipo narudi bustanini. Mariamu Magdalene aliitwa "Mama" mara mbili, kwanza na malaika, kisha na Yesu mwenyewe: "Mama, unalilia nini?" Neno hilo lilikuwa la kweli na la heshima, lakini angeweza kuitwa hivyo mwanamke yeyote aliyepita pale, naye aliendelea kudhani kwamba anasema na mtunza bustani. Alipoitwa "Mariamu", akageuka. Jina lile halikumvua uanamke wake. Lilimchukua mzima, pamoja na pepo saba waliomtoka, safari alizofuatana na Bwana kutoka Galilaya, na saa alizosimama karibu na msalaba. Hakuna mwingine mwenye maisha hayo, na ndiye huyo aliyetumwa kwa wanafunzi akasema, "Nimemwona Bwana."

Nilimjibu dada yule kwamba naamini mama yake atafufuka mwanamke, na kwamba Bwana atamwita kwa jina lake. Akanitajia jina hilo, nasi tukaomba.