Nilivyoirudisha themostati kwenye gari lililokuwa likichemsha

Kwa miezi minne gari langu, Toyota Noah ya petroli, lilikuwa likichemsha karibu kila nilipopanda mlima kurudi nyumbani Bugarika, hapa Mwanza, ingawa kwenye lami ya kwenda Usagara mshale wa joto ulitulia. Fundi wa kwanza aliniambia, "Mzee, kwa joto la hapa themostati haina kazi, tuitoe tu," yaani ile vali inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, nami nikakubali, kwa kuwa magari mengi ninayoyajua yamefanyiwa hivyo. Matokeo yake injini ilichelewa kupata joto asubuhi, petroli ikaliwa zaidi, na mlimani gari likaendelea kuchemsha vilevile.

Themostati ile nilikuwa nimeihifadhi. Niliitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, nikiwa na kipimajoto, nikaiangalia bila kubanduka: ilipokaribia nyuzi 82, namba iliyogongwa kwenye bati lake, vali ilianza kuinuka taratibu, na maji yalipozidi kupata moto ikafunguka yote. Tulikuwa tumetoa kifaa kisicho na hitilafu na kuuacha ugonjwa mahali pake.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye kifuniko cha rejeta, ambacho mpira wake ulikuwa umekakamaa na kupasuka. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kifuniko kizima chenye namba 0.9 hubana mgandamizo kiasi kwamba hata maji matupu hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Kikivuja, kinga hiyo yote hupotea, na injini inayofanya kazi kwa joto lake la kawaida hubakiwa na nafasi ndogo mno. Nawasihi wenye magari wakitazame kifuniko kabla ya kununua chochote, ila injini ikiwa imepoa kabisa, kwa sababu maji yanayoruka kutoka kwenye rejeta yenye moto huunguza vibaya sana.

Mapezi ya rejeta nayo yalikuwa yamezibwa na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kwa makundi kama moshi. Niliyaosha kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu, kutoka upande wa injini kuja mbele, ili nisiyapinde.

Nilipofungua kizibo cha chini, yalitoka maji ya rangi ya kutu, kwani nilizoea kuongeza maji ya kisima. Nilisuuza mara nne hadi yakatoka meupe, nikafunga themostati na gasketi mpya, kisha nikajaza kulanti (kimiminika cha kupozea injini) nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea kwenye betri, wala si yale makali yenye asidi. Niliiwasha injini ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa kwenye joto la juu, nikasubiri mpaka bomba la mpira la juu ya rejeta likapata moto na mapovu yakakoma. Kulanti ni sumu yenye ladha tamu inayovutia mbwa na mbuzi, kwa hiyo matone yaliyomwagika niliyafuta yote, nisiyaache yafike kwenye mfereji unaoteremka ziwani.

Sasa napanda Bugarika saa nane mchana na abiria sita, na mshale haupiti katikati. Kila Jumamosi, kabla ya kuwasha gari, naangalia kama kulanti iko kati ya mistari miwili ya chupa ya akiba.