Mabibi Waliolima Bara

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Muulize mzee wa Ndau au Kizingitini, huko visiwa vya Lamu, nasaba yake, atakuhesabia baba hadi baba bila kusita: huyu alikuwa nahodha, huyu fundi wa madau, huyu alizama na maiti yake haikuonekana. Ni elimu ya kuhifadhiwa. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tujifunze katika nasaba zetu kiasi cha kuungia jamaa zetu. Kuunga, si kujifakhari.

Lakini hesabu hiyo ya baba kwa baba imebeba nusu ya watu tu. Jamaa zetu wa visiwani waliishi kwa bahari na kwa shamba. Kaskazi ikivuma na maji yakitulia, wanaume walitoka kuvua. Kusi ikiingia na mvua za masika, bahari ikachafuka, watu walivuka kwenda bara kulima mtama, mahindi na ufuta. Kwetu sisi shamba lilisimama kwa mikono ya wanawake. Wao ndio waliopalilia, wakaamia ndege tangu alfajiri, wakachagua mbegu ya mwaka wa pili. Samaki asipopatikana, tulikula jasho lao. Mbona hawamo katika nasaba tunayoisoma?

Vita vya shifta vya miaka ya 1960, vya waasi waliotaka kaskazini mwa Kenya ijiunge na Somalia, viliwatoa watu mashambani huko bara. Wengine walibaki kisiwani, wengine wakahamia Lamu, Malindi, hata Mombasa. Mashamba yakarudi pori. Kwetu mabibi walikumbukwa kwa mashamba yao, shamba la bibi fulani limepakana na la bibi fulani, na mipaka ilipofutika, majina nayo yakaanza kupotea. Hilo linaniuma kuliko mavuno tuliyoyakosa.

Mwenyezi Mungu anasema katika Suratun Nisaa kwamba ametuumba kutokana na nafsi moja, akamuumba na mwenzake kutokana nayo, na kutokana na wawili hao akaeneza wanaume na wanawake wengi. Kisha anatuonya tumche Yeye, na tuwaangalie jamaa zetu. Wanaume na wanawake. Hakusema upande mmoja.

Tena tazameni kaburini. Mwalimu anaposoma talakini, yale maneno ya kumkumbusha maiti baada ya kuzikwa, maiti huitwa kwa jina la mama yake. Ndipo watu hugeukiana wakiulizana, "Mama yake akiitwa nani?" Mama hupatikana. Bibi mzaa mama, mara nyingi, hakuna amjuaye.

Mtume (s.a.w.) amesema anayependa akunjuliwe riziki yake na arefushiwe umri wake, basi na aunge jamaa yake. Nawaombeni wiki hii, nyinyi vijana hasa, mpigieni simu shangazi au khalati aliye mkubwa kuliko wote. Muulizeni mama wa mama yake alikuwa nani, alitoka kijiji gani, alilima wapi, na ndugu zake walielekea wapi. Andikeni. Mkipata kwamba kuna wajukuu wake Malindi ambao hamjawahi kupeana salamu, wapigieni na wao, kabla ya harusi au msiba kuwakutanisha.

Ewe Mola wetu, warehemu wazee wetu, waume kwa wake, aliyezama bila kaburi na aliyelima bila kutajwa. Watilie nuru wale ambao majina yao unayajua Wewe peke yako. Tuunganishe na jamaa zetu tungali hai. Amin.