Siku moja na Baba Mwanaidi tangu aruhusiwe kutoka hospitali

Saa 11 alfajiri. Namgeuza kwanza, ndipo nakwenda kutawadha. Kulia, chali, kushoto, kila baada ya saa mbili usiku na mchana, mto mmoja katikati ya magoti na mwingine chini ya ndama za miguu ili visigino visiguse godoro. Nesi wa wodini alinishika mkono akauweka juu ya mfupa wa kitakoni. Kwa ngozi zetu nyeusi, alisema, usingojee wekundu. Papasa: pakiwa pa moto au pagumu kuliko pembeni, kidonda kinaanza hapo. Natamani kila anayekabidhiwa mgonjwa aonyeshwe hivyo kabla ya kupewa karatasi ya ruhusa.

Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na usemi umekwenda. Limebaki neno moja, "haya". Kiu ni "haya", joto ni "haya", hasira ni "haya". Lakini nikisoma Alhamdu kwa sauti ananifuata mpaka Amin. Mambo tuliyoyakariri tangu chuoni, sala, kuhesabu, hata nyimbo, mara nyingi hubaki kwa mtu asiyeweza kuomba maji.

Saa 1 asubuhi. Presha naipima na kuiandika daftarini kabla ya dawa. Kisha uji, mzito, kwa kuwa vitu vyepesi kama maji humpalia. Akae wima, kidevu kielekee kifuani, kijiko cha chai kimoja, ningoje ameze. Mwishoni nafuta ndani ya shavu la kulia, kwani chakula hujificha humo naye hakihisi. Halali mpaka nusu saa ipite.

Saa 3. Cherehani nimeihamishia chumbani. Nashona sare za shule huku namwona. Pampasi, glavu, nauli ya kliniki, vyote vinatoka kwenye sindano hii.

Saa 5 wanaingia wageni. Nawashukuru, wanakuja na ndizi na dua, na Ngamiani hapa huwezi kuugua peke yako. Ila leo shemeji alikaa ukingoni mwa kitanda akaniuliza mimi: "Anakula? Anatutambua huyu?" Huyu! Kaka yake, mwalimu wa hesabu, yuko hapo anatutazama midomo.

Nikamwambia, "Shemeji, muulize mwenyewe. Swali moja, la ndiyo au hapana, kisha mpe muda."

Akamuuliza kama afunge dirisha. Kimya kikawa kirefu, shemeji akataka kumjibia, nikamzuia. Kichwa kikatikisika: hapana. Akamuuliza tena, mechi ya jana alisikiliza? Kikaitika. Shemeji akamsimulia mabao yote, mmoja mmoja aliyefunga, na Baba Mwanaidi akacheka kwa upande wa uso unaocheka. Kilichoharibika ni usemi. Mambo anayaelewa, na anasikia kila linalosemwa juu ya kitanda chake, hata yale ya "maskini, si wa kupona."

Mgeni mwingine alikuja na mafuta akitaka kumvuta mkono uliolala. Nilikataa kwa adabu, nikakataa tena. Misuli ya bega hilo imelegea, ukilivuta linateguka.

Saa 9 alasiri, mazoezi. Nashikilia kiwiko na kifundo, nakunja, nanyoosha, polepole, kidole kwa kidole. Namwaga mkojo uliomo kwenye mfuko wa mpira wake wa mkojo, naangalia rangi, narudisha mfuko chini ya usawa wa kitanda ili mkojo usirudi ndani.

Jioni Mwanaidi anamlisha mimi nikikoga. Ni dakika chache, lakini nazihitaji kama dawa, na sioni aibu kuzidai.

Saa 4 usiku nawasha kengele ya simu. Kesho ni kliniki, bajaji ya jirani inakuja saa 12 asubuhi, na daftari la presha liko mkobani. Nitamwomba daktari azungumze naye, si na mimi.