Geuza kamera nione barabara

Wiki iliyopita, kwenye saa tano asubuhi, mteja wa Mbagala alinipigia simu ya video. Hatujawahi kuonana. Alikuwa anataka mashuka ya sita kwa sita, rangi ya zambarau, na foronya zake nne, na tangu jana yake nilikuwa nimeshamtumia picha tatu na bei. Akaniambia, "Samahani dada yangu, usinielewe vibaya. Hebu geuza kamera nione barabara."

Nikageuza. Nje ya fremu yetu, mtaa wa Narung'ombe, mkokoteni ulikuwa umenasa kwenye shimo na mabelo yake juu, kijana anayeusukuma anapayuka "Pisha mzigo! Pisha mzigo!", na muuza kahawa anapita pembeni akigonganisha vikombe vyake kana kwamba hayo hayamhusu. Mteja akacheka. "Haya, hiyo Kariakoo. Nipe namba nilipie."

Zile picha tatu nilizipigia taa ya duara niliyoinunua 35,000. Nilizipiga usiku, kitanda nimekitandika mara tatu, mume wangu kasimama pembeni anavuta pazia lisionekane lilivyochakaa. Zote hazikumwambia kitu. Siku ile mwuzaji alikuwa mkokoteni.

Nauza mashuka mtandaoni tangu 2019, na kwa muda mrefu niliamini shida yangu ni moja tu, kutoonekana. Kwa hiyo nikanunua wafuasi. Siku hizi sioni haya kulisema. Kijana mmoja aliniibukia WhatsApp na orodha yake, wafuasi 1,000 bei hii, 5,000 bei hii, wanaingia ndani ya siku moja. Nikalipia 5,000. Kweli wakaingia, usiku kucha simu inalia. Asubuhi mdogo wangu akakaa kuwasoma mmoja mmoja: majina yenye herufi za vikofia, picha za magari, wengine hawana picha kabisa. Akaniuliza, "Da Mwana, hawa wote utawapelekea mzigo kwa boda gani?"

Wafuasi hewa, kama wale wafanyakazi hewa waliosakwa serikalini mwaka 2016. Mwaka huohuo, kumbe, ndio Instagram ilipoanza kuacha kupanga picha kwa kufuata saa zilivyowekwa, ikaanza kuzipanga kwa kukisia nini kitamgusa nani. Mfuasi hewa hagusi kitu wala hakomenti, kwa hiyo hakusaidii hata kwa mashine. Ila aliyenivua nguo hasa alikuwa binadamu, dada mmoja wa Tabata aliyeniandikia kwa upole kabisa: "Wafuasi elfu sita na ushee, waliopenda picha ni watu kumi na mmoja. Nitakutafuta siku nyingine." Mpaka leo hajanitafuta. Mimi nilidhani watu wanaangalia namba ya juu, kumbe wanaigawanya kwa ya chini.

Nina dhambi nyingine, ile ya "bei njoo inboksi". Wateja wanaichukia, na wana haki. Wengine wanasema tunaficha bei ili tukupime kwanza kwa picha yako ya wasifu kabla hatujataja, na sitasema wanasingizia. Mimi sababu yangu ilikuwa komenti. Kila anayeandika "Bei?" anaipa posti uhai, inaonekana kama kijiwe kina watu, na penye watu wengi Mswahili lazima asimame aulize kuna nini. Nikaja kuacha. Nikaandika bei juu ya picha, nyekundu, herufi kubwa kama za basi la mkoani. Chini yake, komenti ya kwanza: "Bei?" Ya pili: "Bei dia." Ya tatu ikawa ya shangazi yangu mwenyewe, ambaye alikuwepo nikiziandika.

Nilikasirika, nikawaita wavivu, mpaka siku moja kwenye mwendokasi kutoka Kimara nilipokaa nyuma ya binti mmoja na simu yake. Najua si adabu, lakini tulikuwa tumebanana, simu iko usoni kwangu. Kati ya Manzese na Magomeni kidole gumba chake hakikutulia. Likapita dera, likapita goli la Simba, mchungaji, viatu, keki inakatwa, viatu tena, mtu analia. Likapita tangazo la mashuka, si langu, la jirani yangu wa mtaa wa pili, mtu aliyelilipia kwa hela yake ya kula. Halikupata hata pumzi moja. Binti alisimama mara moja tu, kwenye mtoto anayecheza singeli na kijiko mkononi, akamrudia mara mbili.

Bei nyekundu ingefanya nini pale? Ule ukurasa usio na mwisho una mtu aliyeubuni, Mmarekani anaitwa Aza Raskin, mwaka 2006. Kabla ya hapo ukifika chini unabonyeza kwenda ukurasa unaofuata, na katika ile nusu dakika unaweza kukumbuka una maharage jikoni. Baadaye alisema hadharani kwamba anaujutia. Na mchumi mmoja wa huko huko, Herbert Simon, alishasema tangu 1971, simu za hivi hazijaotwa hata ndotoni, kwamba taarifa zinakula usikivu wa wanaozipokea, zikizidi kuwa nyingi usikivu unazidi kuwa haba. Nikiwa naisoma hiyo ilikuwa saa saba usiku, nimelala chali, bando linaelekea kuisha, na nilikuwa nimeingia mtandaoni kumjibu mteja mmoja tu.

Basi usiku kama huo ndio na mimi nilipopigwa. Blenda, 85,000, ukurasa una wafuasi wa kutosha, picha safi, na ushuhuda wa wateja umepangwa vizuri: "Asante dada mzigo umefika." Nikatuma hela. Akanijibu "Nimeiona, boda anatoka," na baada ya hapo picha yake ikapotea, nimepigwa bloku. Kesho yake nikaufungua ule ukurasa kwa simu ya mdogo wangu, nikausoma ushuhuda taratibu, kitu ambacho jana yake sikukifanya. Wateja sita tofauti, wote wameandika "nimeipenda sanaa", na zile a mbili mwishoni. Mtu mmoja, kidole kimoja.

Kinachoniuma si blenda. Na mimi huweka skrinshoti za wateja wanaoshukuru. Zangu ni za kweli, lakini ukiziweka pembeni ya za yule tapeli, mimi mwenyewe nisingeweza kuzitofautisha.

Huku Kariakoo tuna mali kauli. Mwenye duka la jumla anakupa mzigo wa mamilioni, hakuna karatasi, unakwenda kuuza ndipo umletee hela. Haangalii picha zako. Anajua fremu yako, anajua unasali wapi, anajua nani alikuleta na atamshika nani ukitoroka. Mteja wa mtandaoni hana hata kimoja cha hivyo, kwa hiyo anaokota ushahidi popote anapoupata. Mwanzoni mwa 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na tangu hapo jina linalotokea kabla hujaingiza namba ya siri limekuwa kama uso wa mtu. Ukurasa wangu una jina la kike, laini ya kupokelea ilikuwa na jina la mume wangu. Sijui ni wateja wangapi waliishia hapo kimya kimya. Wachache ndio hupiga: "Dada, mbona limekuja jina la mwanaume?" Namweleza. Wengine wanaelewa, wengine wanasema watalipa mzigo ukifika, sawa, nauli ya boda naibeba mimi. Nimebadilisha, sasa napokelea kwa lipa namba yenye jina la duka, na maswali yale yamepungua; hilo limenisaidia kuliko tangazo lolote nililowahi kulilipia.

Taa ya duara nimempa mdogo wangu. Siku hizi narekodi mchana, mlango wazi, mashuka mkononi, kelele zote ndani, honi, mahubiri ya spika, ugomvi wa wabeba mizigo. Napata watazamaji wachache kuliko zamani, na wanaonunua wameongezeka.

Juzi yule mteja wa Mbagala akanitumia video ya ukurasa mwingine. Mashuka ni yangu, rafu ni yangu, mpaka kalenda ya ukutani ni yangu, na sauti ya kijana inasema, "Karibuni dukani kwetu." Bei imepanda 10,000. "Dada, hili ni tawi lenu?"

Namfahamu. Ni winga, huingia asubuhi, anarekodi, akipata mteja anakuja kuchukua kwangu na kubaki na cha juu chake. Kwa mwezi ananiondolea mzigo mwingi kuliko ninaouondoa mwenyewe, ndiyo maana sijawahi kumfukuza. Nikamwandikia mteja kwamba huyo ni winga, mzigo unatoka kwangu.

Akanijibu: "Ningemwambia ageuze kamera."

Nikainua macho. Kijana alikuwa amesimama mlangoni kwangu, anaongea na mtu kwenye video, na kamera alikuwa ameshaigeuzia barabarani.