Nilivyomfundisha Mbengali Kiingereza kigumu bila kujua Kibengali

Wacha nianze na matokeo maana wapo waliobisha kwamba nitaweza: Bhai amepata 7 kwenye sehemu ya kuandika ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa wanaotaka kwenda kusoma nje. Mara ya kwanza alitoka na 5.5 na uso wa msiba. Na aliyemfundisha si profesa wa wapi wala wapi. Ni mimi, karani wa kampuni ya kutoa mizigo hapa Muscat, mtoto wa Unguja, ambaye Kibengali changu chote kinaishia kwenye salamu na kuagiza chai.

Bhai ni mhasibu wetu, kwao Chittagong, Bangladesh. Ananiita bhai, yaani ndugu, na mimi namwita bhai. Siku nilipojaribu kumwita kaka alicheka mpaka akakaa chini, kwani kwao kaka ni baba mdogo. Kiingereza cha kazi anacho tele. Bili, barua za meli, hesabu za ushuru, humbabaishi. Kilichokuwa kinamwangusha ni insha. IELTS ina ile kazi ya pili, maneno yasiyopungua 250 kwa dakika 40, na robo nzima ya alama zake inatoka kwenye msamiati. Chuo anachokitaka Kanada hakipokei chini ya 7.

Sasa sikia ushauri aliopewa. Kuna mwalimu mmoja wa kwenye video anaahidi maneno magumu 50 kwa siku, na Bhai alimwamini kama anavyomwamini daktari. Ndugu yake naye akamtumia kitabu kinene kutoka Nilkhet, lile soko la vitabu la Dhaka karibu na chuo kikuu, ambako kitabu halisi kikikosekana utapata kilichorudufiwa kwa bei ya kutupa. Ndani yake ni orodha tu: neno la Kiingereza kushoto, neno moja la Kibengali kulia, basi. Tena yalikuwa maneno ya GRE, mtihani wa wanaokwenda kuchukua shahada za juu Marekani, wala si IELTS! Nilipomuuliza anayasoma vipi, akanijibu kwa fahari: mukhostho. Kukariri. Wamelelewa nako tangu shule, na kusema kweli wanakuweza. Mimi na madrasa yangu yote sikumfikia.

Chumba chake kiko Hamriya, kule Ruwi, wanalala watu kadhaa. Alikata maboksi akatengeneza vikadi, Kiingereza mbele na Kibengali nyuma, akavibandika kila mahali: mlango wa friji, kioo, ubavu wa kitanda cha mwenzake, hata ndoo ya kuogea. Wenzake wakanuna. Mmoja, mpishi wa zamu, akawa anabandua vya karibu na jiko anapangusia mafuta. Lakini Bhai alikuwa amevimeza vyote. Ukimtupia neno, maana yake kwa Kibengali inatoka kabla hujafunga mdomo. Nikamwambia haya, niandikie sentensi moja. Akaandika, kwa mwandiko mzuri ajabu: My boss ameliorated me to senior accountant.

Nikaomba kile kikadi nikakigeuza. Nyuma: unnoti. Nikachukua cha promote: unnoti. Cha improve: unnoti. Cha develop na cha progress: unnoti, unnoti! Kwa Kibengali neno hilo linabeba yote, mambo kuwa bora, mtu kupanda, nchi kuendelea, na hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba aliyekariri orodha ile anaamini maneno yote matano ni kitu kimoja, kwa hiyo anachagua lile refu ili mtahini ashtuke. Na mtahini alishtuka kweli. Promote ni ya mtu kazini. Ameliorate inataka hali mbaya inayopunguzwa makali, umaskini, mateso, njaa. Bosi hawezi kumfanyia mhasibu hivyo, labda awe amemkuta hoi.

Vikadi nikavitia kwenye mfuko wa plastiki nikaufunga fundo. Alinikasirikia siku mbili tatu.

Mwanga ulitokea mahali ambapo sikutarajia. Insha iliyofuata ilihusu rushwa, akaandika officers who eat bribe. Mwalimu wake wa video angepiga mstari mwekundu akapita. Mimi nikamuuliza, kwenu rushwa inaliwa? Akasema ndiyo, ghush khay. Nikamwambia, hata kwetu inaliwa! Na kiapo je? Kinaliwa, kosom khay. Kichapo? Mar khay, kinaliwa. Hasara? Inaliwa pia. Tukacheka mpaka bosi akachungulia kuona kulikoni. Tuliachana kwenye maji tu. Wabengali maji wanayala, na sigara wanaila, sisi hapo tunakunywa na kuvuta.

Nikamwambia, sasa bhai, Mwingereza yeye hali. Rushwa kwake ni accept. Kiapo, swear. Hasara ni incur au suffer, na jeraha ni sustain. Tendo linafuata kitu kinachotendwa, kama kwenu, kama kwetu, ila kila mtu na zake. Akanyamaza, akafungua ukurasa mpya, akaanza kunihoji yeye. Hapo ndipo niliposema huyu atafaulu.

Tukaanzisha daftari. Kibengali marufuku humo, na neno haliandikwi peke yake, linaandikwa na jamaa zake: impose a tax, impose a fine, impose a ban. Na unajua tuliyapata wapi? Mezani kwetu! Barua za kampuni za meli zimejaa Kiingereza cha juu ambacho hatukioni kwa sababu macho yetu yako kwenye tarakimu. Kontena likichelewa kutolewa bandarini Sohar, barua inakuja: demurrage charges will be incurred. Ndiyo incur ile ile. Waive a fee, exempt from duty, liable for damage, zote Bhai amezigonga muhuri miaka nenda rudi huku usiku anakesha na plethora.

Anayeng'ang'ania orodha achukue ya Averil Coxhead wa New Zealand, iliyotoka mwaka 2000. Ina koo 570 za maneno ya maandishi ya kitaaluma, yaani neno pamoja na yanayotokana nalo, zimepangwa kuanzia yanayotumika zaidi, na kuipata mtandaoni ni bure. Allocate imo, sustain imo, impose imo. Ameliorate haimo, na sikukosa kumwonyesha.

Hila ninayojivunia kuliko zote ni kutojua kwangu Kibengali. Tukitumwa Sohar, zaidi ya kilomita 200 za barabara, anachagua neno daftarini na kunieleza kwa Kiingereza bila kulitaja, mimi nabahatisha. Mwalimu Mbengali angemharibia: mwanafunzi akikwama tu, anatupiwa neno la nyumbani, mchezo kwisha. Kwangu hana pa kukimbilia. Mwanzoni alikuwa anatoka jasho na kiyoyozi kinawaka. Kisha siku moja, tunakaribia Barka, akasema: The rickshaw man will go to Agrabad in the rain, but his face is not going. Agrabad ni mtaa wa kwao. Reluctant, mtu anayefanya jambo shingo upande! Nilipiga usukani kwa furaha. Kamusi gani imewahi kuieleza reluctant vizuri hivyo?

Jambo jingine, kuna Kiingereza kilichokwishahamia Kibengali kikapata kazi nyingine. Tension kwao ni wasiwasi wa aina yoyote, current ni umeme, gastric ni tumbo kuwaka moto. Hayo ndiyo hatari kwenye insha kuliko maneno magumu, kwa sababu mwenyewe anayaona ni ya Kiingereza safi na hayatilii shaka. Tulitenga ukurasa wake, kwa wino mwekundu. Matamshi sikuyahangaikia sana, isipokuwa z, ambayo kwake hugeuka j. Zeal ilikuwa jeal mpaka wiki ya mwisho.

Gharama? Daftari ni baisa mia kadhaa, yaani senti za Oman, na chai za karak za njiani alilipa yeye, ndiyo ilikuwa ada yangu. Kinachouma ni mtihani wenyewe, unakula kipande kinono cha mshahara. Kwa hiyo usilipie kwa sababu rafiki yako kalipia. Nilimzuia mpaka alipoweza kuandika insha nzima bila kuchomeka hata neno moja la kitabu cha Nilkhet, na hapo alinung'unika kwamba insha yake imekuwa nyepesi mno. Ndiyo hiyo nyepesi iliyoleta 7.

Wenzake wa chumbani nao sasa wananisubiri Ijumaa baada ya swala, akiwemo yule mpishi. Nimewaambia waje na chai yao.

Kilichonishinda ni the. Kibengali kinaiweka mwishoni mwa neno, boi ni kitabu, boita ni kile kitabu unachokijua, na Bhai akifika kwenye Kiingereza anaona ameshamaliza kazi, the anaiacha. Na mimi Kiswahili changu hakina kitu kama hicho hata kidogo, kwa hiyo tukisahihishana tunabaki tunatazamana. Hapo nimenyoosha mikono, atafute mtu mwingine huko huko Kanada.