Baba na Dirisha la Paa

Juzi mwanangu alirudi kutoka kwa rafiki yake akaniuliza kwa nini jikoni kwao taa huwashwa mchana. Nilimjibu kwamba nyumba nyingi ziko hivyo, akaridhika na kwenda zake. Mimi swali lile halikuniacha, kwa sababu yeye hakuwahi kuliona jiko letu kabla paa halijatobolewa, wala hajui jinsi babu yake alivyolipinga wazo hilo.

Jiko lile Baba alilijenga kwa mikono yake, akaliongeza nyuma ya nyumba chini ya paa tambarare la boriti, mbao na tabaka za lami. Dirisha lake pekee lilitazama ukuta uliokuwa karibu mno, hivyo mwanga haukuingia ila ule uliokwisha kugonga ukuta huo na kupoteza nguvu. Mama alipika humo miaka nenda miaka rudi, taa ikiwa nyuma ya mgongo wake, na kila alipoinama kukata kitu kivuli cha kichwa chake kilifika kwenye ubao kabla ya kisu. Macho yake yalipoanza kufifia, akawa anabeba ubao na kisu na kwenda kukatia mlangoni. Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza.

Baba hakuukataa mwanga. Alichokataa ni tundu. “Kwenye paa la namna hii maji hayateremki, yanatembea,” aliniambia. “Ukiyapa upenyo, yatauona.” Hoja yake ilikuwa ya haki kabisa. Paa linaloitwa tambarare huwekewa mwinamo mdogo, angalau sentimita 1 kwa kila sentimita 80, na majani machache ya mti yakiziba njia ya maji, dimbwi hukaa. Yeye ndiye aliyekuwa akipanda kila msimu kuziba nyufa za lami, kwa hiyo aliposema juu ya maji alisema jambo alilolishika kwa mikono.

Fundi tuliyemwita hakubishana naye, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Alipanda paani pamoja naye, akaweka pimamaji, wakaangalia maji yanaelekea wapi, kisha akaeleza atakavyofanya. Dirisha lisingelala juu ya paa, bali lingekaa kwenye fremu ya mbao itakayoinuka angalau sentimita 15 kutoka uso wa paa, na tabaka za lami zingepandishwa ubavuni mwa fremu hiyo hadi chini ya ukingo wa kioo, ili maji yakituama yasipate mahali pa kupenya. Kioo chenyewe kingeinamishwa kidogo ili kisibebe dimbwi lake. Boriti moja ingekatwa, na ncha zake zingeshikiliwa na mbao za kukingama zilizofungwa kwenye boriti za jirani, ambazo nazo zingeongezewa pacha ili ziweze kubeba uzito uliohamishiwa kwao. Baba alisikiliza yote, akauliza juu ya pembe nne za fremu, akauliza tena. Hatimaye akasema, “Pembe nitaziangalia mwenyewe.”

Kazi yenyewe ilikuwa vumbi, kelele, na turubai lililofunika tundu usiku. Kuta za ndani ya tundu fundi alizitanua kadiri zilivyoshuka, juu jembamba na chini pana, akazipiga plasta na rangi nyeupe isiyong'aa ili mwanga usambae. Kioo kilikuwa cha vipande viwili vyenye nafasi iliyofungwa katikati, na cha ndani kilikuwa cha aina ambayo kikivunjika vigae vyake hubaki vimeshikana, maana watu husimama chini yake.

Kisha mvua ikaja. Ilianza alasiri, wingu zito limefunga pande zote, na Mama alikuwa na sufuria inayochemka. Baba hakusema neno. Alichukua stuli, akapanda, akauweka mkono wake kwenye pembe ya kwanza, kiganja kimelala juu ya plasta, akangoja. Juu ya kichwa chake matone yaligonga kioo kwa sauti kali kuliko ile tuliyozoea kuisikia kwenye lami. Akahamia pembe ya pili. Niliona vidole vyake vikipapasa mahali plasta inapokutana na fremu, polepole, kama mganga anayetafuta mshipa. Alipofika pembe ya tatu, tone likadondoka kwenye kifundo cha mkono wake.

Aliutazama ule mkono, akaushusha, akanionyesha. Tone liliteremka hadi kwenye kiwiko. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda mabishano. Alikuwa amehuzunika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimpigia fundi simu papo hapo. “Mwambie Mzee asibandue kitu,” alisema. “Funikeni sufuria, fungueni dirisha la ukutani, kipanguseni kioo kwa kitambaa kikavu, halafu mtazame kama maji yatarudi huku mvua ikiendelea kunyesha.”

Tukafanya hivyo. Baba alikipangusa kioo mwenyewe hadi kwenye kingo, akabaki palepale juu ya stuli, uso ameuinua. Mvua iliongezeka. Kioo kilibaki kikavu, na pembe zote nne zilibaki kavu. Lile tone lilikuwa mvuke wa sufuria pamoja na unyevu wa plasta ambayo ilikuwa haijakauka sawasawa. Hewa ya joto ilipanda hadi mahali pa juu kabisa jikoni, ikakutana na kioo kilichopozwa na mvua, ikageuka maji.

Ndipo nilipotambua kwamba hakuna aliyekuwa amewasha taa. Wingu lilikuwa zito vile, na bado niliona alama za brashi kwenye rangi, mishipa ya mkono wa Baba, na nyuzi za kitambaa zilizonasa pembeni mwa kioo. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mbingu iliyofunikwa na wingu zito haina mwanga sawa kila upande: utosini mng'ao wake hufika takriban mara tatu ya ule wa kwenye upeo wa macho, jambo lililowekwa katika hesabu na watafiti wawili, Moon na Spencer, mwaka 1942. Dirisha la ukutani hutazama upande ule hafifu, ilhali la paa hutazama palipo na mwanga mwingi. Siku ile sikuijua hesabu hiyo. Nilimwona tu Mama akiuhamisha ubao wake kutoka mlangoni na kuuweka mezani, katikati ya mwanga. Baba naye alimwona, kwa sababu aliposhuka aliiondoa stuli ili isimzuie.

Hakusema kama nilikuwa sahihi, na hadi leo hajasema. Tulilazimika kufunga pazia, kwa kuwa siku za anga safi jua la adhuhuri huingia kwa ukali, nalo pazia alilifunga yeye bila kulalamika. Wageni wakilisifu jiko, huwaeleza habari za fremu, za lami na za zile sentimita 15. Habari za mwanga huwaachia wengine. Kabla ya kila msimu wa mvua hupanda kuondoa majani yanayojikusanya nyuma ya fremu, na huzibonyeza pembe zote nne kwa kidole gumba. Sijui kama ni kwa kulipenda dirisha hilo au kwa kutoliamini bado. Mama anasema ni yote mawili. Umri wa Baba sasa si wa kupanda ngazi, na nimemwomba zaidi ya mara moja aniachie kazi hiyo. Amekubali niishike ngazi.