Paja la kushoto

Wiki kadhaa zilizopita nilisikia kicheko nyuma yangu nikiwa napanda ngazi. Nikageuka, nikamkuta binti yangu ananiigiza: mguu wa kulia unatangulia, wa kushoto unafuata na kutua palepale kando ya mwenzake, kidato kwa kidato, kiganja kimeegemea ukuta. "Baba hupanda hivi," akamwambia mdogo wake. Nikacheka nao. Usiku nikajichunguza na kuona hakunionea hata kidogo. Sikuwa najua kama napanda hivyo.

Chanzo chake ni goti la kushoto, jeraha la zamani. Miaka 9 iliyopita nilikuwa nageuka na mpira, njumu zikang'ang'ania nyasi, mwili ukaenda na goti likabaki. Lilivimba, nikachechemea wiki kadhaa, uvimbe ukaisha, nikajihesabu nimepona. Tangu hapo kila likiuma huwa nalilaumu goti.

Mtaalamu wa viungo niliyekwenda kumwona, dada mmoja, hakuanza na goti. Alianza na maswali: je, linajifunga ukashindwa kulinyoosha? Linakuacha ghafla ukiwa umesimama? Huvimba bila sababu? Nilijibu hapana kwa yote matatu. Akaniambia ningejibu ndiyo hata kwa moja, mazoezi yangesubiri mpaka daktari alitazame. Kisha akachukua tepu, akapima sentimita 10 juu ya pia ya goti, akaweka alama, akazungusha. Paja la kulia 49. La kushoto 46.

"Kaka, goti lako silo linalonipa wasiwasi," alisema. "Hili paja limelala."

Akanieleza jambo ambalo ningependa kulisikia miaka 9 iliyopita. Goti likiumia na kuvimba, mishipa ya fahamu hupunguza amri inayokwenda kwenye misuli ya mbele ya paja. Misuli isiyopewa kazi hunywea ndani ya wiki chache tu. Mwili nao haukai kusubiri, huuhamishia mzigo mguu ule usioumia. Jeraha linaweza kupona kabisa na amri ile isirudi yenyewe, hasa kama mwenye mguu amekwisha kuzoea kuukwepa. Ndiyo ngazi aliyoiona binti yangu.

Zoezi la kwanza lilinitia aibu. Unakaa umenyoosha mguu, taulo iliyokunjwa iko chini ya goti, unaikandamiza kwa kukaza paja, unahesabu 5, unaachia. Basi. Paja la kulia lilikuwa gumu mara moja. La kushoto nililiamuru, likatetemeka kidogo likanyamaza, kama mtu aliyeitwa jina usingizini. Siku nne nzima nilikuwa naliweka kidole juu yake ili nijue kama limesikia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi: kuinua mguu ulionyooka, kuinua nyonga nikiwa chali, kunyanyuka kwa vidole vya miguu, kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono. Seti 3 za mara 10, siku moja mazoezi, siku moja kupumzika.

Wiki ya tatu nikajiona nimeiva. Nilichuchumaa mpaka chini kabisa, mara 40, hakuna aliyeniagiza. Sikuhisi chochote. Asubuhi yake vile vishimo viwili vilivyoko kando ya pia ya goti vilikuwa vimejaa, na kukunja mguu kulikuwa kazi. Nilitegemea kugombezwa. Dada yule aliniuliza tu: "Maumivu ni ngapi, kwa 0 mpaka 10?" Nikasema 5. Sheria yake ni kwamba hadi 3 wakati wa zoezi yanavumilika, mradi kufikia kesho yake goti limerudi lilivyokuwa. Yakizidi hapo, huachi mazoezi kabisa. Unarudi hatua moja nyuma. Tangu siku ile sikadirii zoezi kwa ninavyojisikia wakati nalifanya, nasubiri asubuhi nivitazame vile vishimo.

Sasa niko kwenye zoezi ninalolichukia kuliko yote: kusimama kwa mguu wa kushoto juu ya kidato kifupi na kuushusha wa kulia polepole, nikihesabu 3, mpaka kisigino kiguse sakafu. Kumbe kushuka ni kugumu kuliko kupanda kwa sababu paja linafanya kazi ya breki, linarefuka huku limebeba mwili mzima. Kwenye kioo niliona goti linakimbilia ndani, kuelekea mguu mwingine. Hilo nalo si kosa la goti, ni misuli ya ubavuni mwa nyonga iliyolegea. Dawa yake ni kulala upande na kuinua mguu wa juu, zoezi linaloonekana la mzaha mpaka ufike mara ya 12.

Kilichonishangaza ni kwamba nguvu ilitangulia, unene ukaja nyuma yake. Mwezi wa kwanza tepu haikusogea, ilhali kiti nilikuwa naachana nacho bila kuguna. Wiki za mwanzo ni mishipa ya fahamu inayojifunza upya kuiita misuli. Nyama hujengeka baadaye.

Leo ni wiki ya 10. Tepu inasema 47 na nusu. Jioni nilijipima kuinuka kwenye kiti kwa mguu mmoja, kisha nikashuka ngazi zote kwa miguu ya kupokezana. Ukuta niliushika mara moja tu, karibu na chini. Binti yangu alikuwa amelala.

Kwenye daftari nimeandika: kulia 12, kushoto 7, maumivu 2. Nafasi ya vishimo nimeiacha wazi mpaka asubuhi.